Njaa Zilizopewa Majina: Historia ya Kumbukumbu na Kujifunza Ukambani

Mwaka 1961 chakula kilidondoka kutoka angani Ukambani. Mvua ilikuwa imekataa msimu baada ya msimu, kisha mwishoni mwa mwaka ikaja yote kwa mkupuo. Mafuriko yakakata barabara, malori ya mahindi yakakwama, ikabidi ndege zipite juu ya vijiji na kuangusha magunia. Mwaka huo watu wakaupa jina: Yua ya Ndeke, njaa ya ndege. Mtoto aliyezaliwa wakati huo huenda hakupata cheti cha kuzaliwa, lakini alipata tarehe ambayo hakuna mtu wa rika la wazazi wake angeikosea.

Hivyo ndivyo Wakamba wa Kitui na Makueni walivyoiweka historia yao kwa zaidi ya karne moja. Njaa kuu za mwishoni mwa karne ya 19 ziliitwa Ngomanisye, kwa kuwa hazikubakisha kona. Ile ya miaka ya 1940 ni Mwolyo, chakula cha msaada, maana ndiyo iliyowapanga watu foleni mbele ya ofisi za serikali. Ya mwanzoni mwa miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete: nakufa nikiwa nimeshika. Pesa zilikuwa mkononi, dukani hapakuwa na unga. Katika maneno mawili mna somo zima la uchumi, na sijaona kitabu cha shule kilichoieleza njaa ile vizuri zaidi. Hata makarani wa sensa nchini Kenya hubeba kalenda ya matukio ya mahali, ili mzee asiyejua mwaka wake wa kuzaliwa aulizwe habari ya njaa, nzige au vita.

Mtu anaweza kudhani kwamba huo ulikuwa ufundi wa watu wasiokuwa na maandishi, uliofaa kwa wakati wake na kupitwa na karatasi. Mimi nauona kama mfumo wa elimu. Wanasayansi wa ubongo, kwa kazi iliyowachukua miaka zaidi ya 100, wamefikia mambo ambayo mfumo huo uliyatumia kila siku: kwamba kujifunza na kukumbuka hutegemeana, na kwamba kumbukumbu isiyotumiwa hudhoofika.

Tuianze hadithi na Ngomanisye. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka ilifagia ng'ombe Afrika Mashariki yote. Zikafuata nzige, mvua zikakosekana tangu 1897, na ndui ikaja juu ya miili iliyokuwa tayari imedhoofika. Wakati huohuo reli ilikuwa ikijengwa kutoka Mombasa, ikipita Kibwezi na Makindu, katika nchi ambayo leo ni Makueni. Wamishonari wa Kiskoti waliokuwa wamefungua kituo Kibwezi mwaka 1891 walihamia Kikuyu mwaka 1898. Wenyeji hawakuwa na pa kuhamia kwa urahisi hivyo. Baadhi walisogea kwenye kambi za reli kutafuta mchele, wengine walivuka kwenda nchi za milimani, na wapo waliowaweka watoto wao rehani kwa jamaa za mbali ili wapate kula. Waliorudi walirudi na jina la njaa, na nyuma ya jina hilo kulikuwa na maarifa: ni mti gani una matunda yasiyodhuru, ni wapi kwenye mto mkavu mchanga ukifukuliwa hutoa maji, ni jamaa gani ng'ambo ya mto Tana aliyefungua mlango na yupi aliyeufunga.

Kwa nini jambo kama hilo linakaa kichwani miaka 60, na chakula cha mchana cha Jumanne iliyopita hakikai? Ndani kabisa ya ubongo, upande wa kulia na wa kushoto, mna kiungo kilichopinda ambacho wataalamu hukiita hipokampasi. Bila hicho, tukio jipya halishikiki. Jirani yake ipo amigdala, sehemu inayochochewa na hofu, uchungu na furaha kubwa. Moyo unapokwenda mbio na homoni za msukosuko zinapomwagika katika damu, amigdala huisukuma hipokampasi ilishike tukio lile kwa nguvu zaidi. Njaa, basi, hujiandika yenyewe. Ila hofu peke yake huacha alama iliyotawanyika: harufu, sura, kilio. Jina ndilo linaloikusanya, na kumpa hata asiyekuwapo mahali pa kutundikia habari atakazozisikia baadaye. Mtoto wa 1990 aliyefundishwa jina la Ngomanisye alikuwa na pa kuanzia. Maarifa mapya hushika haraka yakikuta ya zamani ya kushikana nayo, na wenye kufundisha wanalijua hilo hata kama hawajawahi kusikia neno hipokampasi.

Kabla ya njaa hizo palikuwa na njia za biashara, na njia zina historia yake katika ubongo. Mapokeo ya Wakamba huitaja milima ya Mbooni, Makueni ya leo, kuwa ndiko watu walikotawanyikia, wengine wakavuka mto Athi kuingia Kitui. Kufikia nusu ya kwanza ya karne ya 19 wafanyabiashara wao walikuwa wakipeleka pembe za ndovu hadi Mombasa. Mkubwa wao aliyeandikwa vitabuni ni Kivoi wa Kitui. Mjerumani Johann Ludwig Krapf, mmishonari wa Rabai, alimfikia mwaka 1849, na tarehe 3 Desemba mwaka huo, akiwa Kitui, akauona mlima wenye theluji ambao wenyeji wake walikuwa wakiufahamu siku nyingi. Jina la nchi ya Kenya lilipita katika mazungumzo yake na wenyeji hao.

Mwaka 1851 Krapf alirudi, akafuatana na Kivoi kuelekea Tana. Karibu na mto huo msafara ulishambuliwa, Kivoi akauawa, watu wakatawanyika. Krapf akabaki peke yake porini. Anasimulia mwenyewe kwamba alichota maji ya Tana kwa mfuko wa ngozi wa darubini yake na kwa mitutu ya bunduki, kisha akawa anajificha mchana na kutembea usiku. Alikuwa msomi wa lugha nyingi, mtu aliyeandika kamusi. Lakini nchi ile hakuwa nayo kichwani. Msafara uliposambaratika alibaki na maji tu, na ramani ikawa imekwenda na wenyeji.

Ramani hiyo ipo kweli, si maneno ya kupamba. Mwaka 1971, katika chuo cha University College London, John O'Keefe na mwanafunzi wake Jonathan Dostrovsky walionyesha kwamba ndani ya hipokampasi ya panya mna seli zinazowaka mnyama afikapo mahali fulani tu: seli moja kwa kona hii, nyingine kwa kona ile. Mwaka 2005 May-Britt na Edvard Moser, kule Norway, wakaeleza seli nyingine zinazopima nafasi kwa mpangilio kama wa wavu. Watatu hao, O'Keefe na akina Moser, walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Katikati ya ugunduzi huo, mwaka 2000, Eleanor Maguire na wenzake walipima ubongo wa madereva wa teksi wa London, ambao hulazimika kukariri maelfu ya mitaa, wakakuta sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya watu wengine, na imezidi kwa wale waliofanya kazi miaka mingi zaidi. Mwendo wa Kitui hadi pwani, kupitia nyanda za Yatta na nyika ya Taru ambako kukosea kisima ni kufa, haukuhitaji kichwa kidogo kuliko mitaa ya London.

Jambo linalonivutia zaidi ni kwamba kiungo kinachoshika mahali ndicho kinachoshika matukio. Ndiyo maana mzee wa Kikamba anayesimulia vita au ndoa huanza na kilima, halafu mto, halafu mti uliokuwa hapo. Msikilizaji mwenye haraka humwona anazunguka. Kumbe anapita njia ileile ambayo kumbukumbu iliwekewa.

Elimu yenyewe ilikuwa na mahali pake. Wanaume na wavulana walikaa thome, mbele ya boma, penye moto wa jioni. Watoto wadogo walikaa jikoni na nyanya zao. Msweden Gerhard Lindblom, aliyeishi Ukambani mwanzoni mwa miaka ya 1910, aliandika kuhusu jando, nyimbo, hekaya na vitendawili vya huko, na baadaye akachapisha juzuu tatu za fasihi simulizi ya Kikamba kati ya 1928 na 1935. Mtoto hakuachwa asikilize tu. Aliulizwa. Ndai, yaani vitendawili, zilitegwa kila jioni, na aliyeshindwa alilipa. Hadithi aliyoisikia juzi alitakiwa aisimulie leo, na wakubwa wakasahihisha.

Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, wa Washington University kule St. Louis, walichapisha jaribio lililowashtua walimu wengi. Kundi moja la wanafunzi lilisoma kifungu cha habari tena na tena. Kundi jingine lilikisoma kisha likatakiwa kukiandika kutoka kichwani. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja waliojaribiwa waliwaacha mbali. Kulivuta jambo kutoka kichwani ndiko kunakolikaza humo. Hermann Ebbinghaus alikuwa tayari ameonyesha mwaka 1885 kwamba kurudia kwa kuachanisha siku kunafaa kuliko kurudia mfululizo kwa siku moja. Thome ilifanya yote mawili, jioni baada ya jioni. Shule zetu, kwa masikitiko yangu, bado zinamwamini mwanafunzi anayesoma daftari mara kumi usiku wa kuamkia mtihani.

Nini hutokea ndani jambo linapokazwa? Mwaka 1973 Timothy Bliss na Terje Lømo walitangaza matokeo ya kazi yao ya Oslo: walisisimua kwa umeme njia ya neva inayoingia hipokampasi ya sungura, na kuanzia hapo seli zikaitikia kwa nguvu zaidi kwa saa nyingi. Mawasiliano baina ya seli mbili yalikuwa yameimarika kwa kutumiwa. Eric Kandel, Mmarekani mzaliwa wa Vienna, akaenda kwa konokono wa baharini mwenye neva chache na nene, akaonyesha kwamba kumbukumbu ya dakika chache huhitaji tu kemikali zilizopo kurekebishwa, lakini ya siku nyingi huhitaji jeni ziwashwe, protini mpya zitengenezwe na maungio mapya yaote kati ya seli. Kwa kazi hiyo alishiriki Nobel ya mwaka 2000. Kwa hiyo mtu akijifunza kitu kikamkaa, ubongo wake umebadilika umbo. Kujifunza ni mabadiliko hayo. Kukumbuka ni kuyatumia.

Kalamu iliingia Ukambani kwa njia mbili karibu kwa wakati mmoja. Walutheri wa Ujerumani walifika Ikutha, kusini mwa Kitui, mwanzoni mwa miaka ya 1890, na baadaye wakafungua Mulango. Mwaka 1895 Peter Cameron Scott na wenzake wakaanzisha kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission huko Nzaui, Makueni. Scott mwenyewe alifariki kwa homa mwaka uliofuata. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Mulango ikawa mikononi mwa AIM. Hapo ndipo alipozaliwa, tarehe 30 Novemba 1931, mwanafalsafa John Samuel Mbiti.

Mbiti alipita Alliance na Makerere, akasoma Marekani, akapata udaktari Cambridge mwaka 1963. Lakini njiani alikuwa akikusanya hadithi za watu wake, na mwaka 1966 zikatoka kwa Kiingereza katika kitabu Akamba Stories. Miaka mitatu baadaye akachapisha African Religions and Philosophy, akatumia maneno ya Kiswahili, Sasa na Zamani, kueleza alivyoielewa dhana ya wakati. Kwa maelezo yake, aliyekufa hubaki katika Sasa maadamu yupo hai mtu aliyemjua na anayemtaja kwa jina. Akifa wa mwisho anayemkumbuka, marehemu huzama katika Zamani. Wanafalsafa wengine, kama Kwame Gyekye wa Ghana, walipinga vikali dai la Mbiti kwamba Mwafrika wa jadi hakuwa na wakati ujao wa mbali, na nadhani pingamizi hilo lina uzito: mtu anayepanda mwembe anajua vizuri kwamba miaka inakuja. Lakini kuhusu wafu na majina yao, kijana wa Mulango aliona mbali. Aliufanya uhai wa mtu uendelee katika vichwa vya wengine, kwa sharti la kutajwa.

Na kutajwa huleta jambo jingine, ambalo Mwingereza Frederic Bartlett alilieleza mwaka 1932. Aliwapa watu wa Cambridge hekaya ya wenyeji wa asili wa Amerika Kaskazini waisimulie kutoka kichwani, tena baada ya siku, wiki, miezi. Kila mara waliibadilisha ikaribie mazoea yao. Lakini huko Swaziland alikutana na mchungaji aliyeweza kutaja ng'ombe walionunuliwa mwaka mmoja nyuma, rangi, alama na bei, kwa makosa machache mno. Tofauti ilikuwa kwamba ng'ombe walikuwa maisha ya yule mchungaji. Mwaka 2000 Karim Nader na wenzake kule New York walionyesha kwa panya kwamba kumbukumbu ya hofu ikiamshwa hulegea kwa muda, na ikizuiwa kutengenezewa protini upya inaweza kudhoofika. Kila usimuliaji, basi, ni uandishi mpya. Ndiyo maana thome ilikuwa na wazee wengi na si msimulizi mmoja: aliyeteleza alishikwa papo hapo.

Njaa, hata hivyo, haikuacha majina peke yake. Iliacha pia vichwa vilivyonyimwa. Ubongo wa mtoto hujengwa kwa chakula, na chuma, zinki, ayodini na vitamini B12 vikipungua ujenzi huo huharibika. Ushahidi mzuri kabisa ulitoka kwa majirani, ng'ambo ya Tana. Kuanzia 1998, Charlotte Neumann wa chuo kikuu cha California, Los Angeles, na Nimrod Bwibo wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliongoza utafiti katika shule 12 za msingi huko Embu. Watoto walipewa githeri, yaani mahindi na maharage: wengine yenye nyama, wengine kwa maziwa, wengine yenye mafuta zaidi, na kundi moja halikupewa chochote shuleni wakati huo. Waliokula nyama waliendelea vizuri kuliko wote katika majaribio ya kufikiri yasiyotegemea vitabu. Tukirudi Kitui na matokeo hayo, tunatambua kwamba mwanafunzi anayesinzia darasani huko Tseikuru mwezi wa Septemba hana kichwa kigumu. Ana njaa.

Kwa upande wa pili wa umri, Makueni imeingia katika historia ya sayansi hii kwa jina lake. Kwa miaka mingi sasa taasisi ya utafiti wa afya ya akili iliyoanzishwa na Profesa David Ndetei imefanya kazi katika kaunti hiyo, ikiwafundisha wahudumu wa afya wa jamii, waganga wa kienyeji na viongozi wa dini kutambua maradhi ya akili na kuwapeleka wagonjwa kliniki. Kuanzia 2018 Makueni ikawa eneo la Kenya katika mradi wa nchi saba uliohusu ugonjwa wa kusahau wa uzeeni, uliosimamiwa kutoka London School of Economics, na kwa upande wa Kenya akiwamo mtafiti Christine Musyimi. Walisikia yaleyale yanayosikika vijijini kote: ni uzee tu, ni laana, ni uchawi. Waliokuwa wakiwatunza wagonjwa walikuwa zaidi wanawake, wakichoka bila msaada.

Ugonjwa wa Alzheimer, ambao Mjerumani Alois Alzheimer aliueleza mara ya kwanza mwaka 1906, huanza kwa kushambulia hipokampasi na maeneo ya jirani yake. Kwa hiyo bibi husahau kwamba wageni wamekwishakunywa chai, huku Yua ya Mwolyo akiisimulia bila kukosea, kwa sababu mambo ya kale yamekwisha kusambaa katika sehemu nyingine za ubongo. Tena mikono yake huweza kuendelea kusuka kyondo, yaani kikapu. Hilo lilijulikana kupitia Henry Molaison, Mmarekani aliyeondolewa sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili mwaka 1953 ili kutibu kifafa. Hakuweza tena kushika tukio jipya. Lakini Brenda Milner alipomfundisha kuchora nyota akitazama kiooni, alizidi kuwa hodari siku baada ya siku, na kila siku aliapa kwamba hajawahi kuifanya kazi ile. Ustadi wa mikono una njia zake za neva, nje ya hipokampasi. Kusokota uzi wa katani pajani na kuupitisha katika mishono ya kyondo ni elimu ya aina hiyo, na hudumu muda mrefu baada ya majina ya wajukuu kupotea, ingawa ugonjwa ukikomaa nayo huondoka.

Kosa kubwa tunalolifanya ni kumwona mtu wa namna hiyo mwenye hila: anakumbuka ya 1943, inakuwaje asahau ya asubuhi? Pwani ya Kilifi na kule Kisii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na mzee anayetangatanga usiku kwa sababu hipokampasi yake haimwonyeshi tena nyumbani ni rahisi kutuhumiwa. Dawa ya kuuponya ugonjwa huo haijapatikana. Lakini shinikizo la damu na kisukari, ambavyo huongeza hatari yake, vinatibika katika zahanati zetu, na baadhi ya visa vya kusahau hutokana na upungufu wa vitamini, matatizo ya tezi au msongo wa mawazo, na hivyo hurekebishika.

Kwa hiyo ombi langu kwa wasomaji wa Kitui na Makueni ni hili. Mzazi akianza kuuliza swali moja mara tatu kwa saa moja, mpelekeni kituo cha afya mapema, mwambieni mhudumu lini ilianza na nini kimebadilika. Msimfanyie mtihani mbele ya wageni. Na wale ambao bado wanazikumbuka njaa zote kwa majina, wakalieni jioni, waulizeni, kisha nanyi msimulie mbele yao wawasahihishe, wakati bado wanaweza.